Mwalimu wa Kiingereza huiva akirudia kipindi

Mwanachuo anayesomea ualimu wa Kiingereza wa sekondari huingia chuoni akiwa na mwalimu kichwani tayari. Amekaa kwenye dawati zaidi ya miaka kumi, ameona maelfu ya vipindi, na bila kuambiwa na mtu amejua kipindi "kinavyokwenda": mwalimu anaingia, anaandika kanuni ubaoni, anaeleza, anauliza "Mmeelewa?", darasa linaitikia ndiyo, wananakili, kengele inagonga. Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie alilieleza jambo hili mwaka 1975 na kuliita uanagenzi wa kutazama. Anayetazama kutoka kwenye dawati huona mwalimu anafanya nini. Haoni anakifanya kwa sababu gani wala alikiandaaje. Ndiyo maana mwanachuo anaweza kuhudhuria muhula mzima wa mihadhara ya mbinu shirikishi, akafaulu vizuri mtihani wa nadharia, halafu siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha akaandika kanuni ubaoni na kuuliza "Mmeelewa?".

Ninachoamini ni kwamba mazoea hayo hubadilika pale mwanachuo anapofundisha kipande kifupi, akaonyeshwa kilichotokea, kisha akakifundisha kipande kile kile tena. Ratiba ikibana, marudio ndiyo ya kwanza kukatwa, na hapo ndipo faida kubwa inapopotea.

Dakika saba, kisha dakika saba nyingine

Utaratibu wa kufundisha vipande vifupi ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina linalotajwa zaidi ni la Dwight Allen. Mzunguko wake ni mwepesi: panga, fundisha, jadili, panga upya, fundisha tena. Kwa darasa la wanachuo 32 naona mpangilio unaofanya kazi ni makundi manne ya watu wanane, kila kundi na kona yake. Mmoja anafundisha, mmoja anashika saa na kurekodi kwa simu, sita wanakuwa wanafunzi. Dakika 7 za kufundisha, 10 za kujadili, 15 za kurekebisha andalio, 7 za kurudia mbele ya kundi jirani ambalo halijaona jaribio la kwanza. Jumla ni dakika 39, yaani kipindi kimoja. Wanachuo wanne hufundisha kwa wakati mmoja, kwa hiyo baada ya vipindi vinane wote 32 wamefundisha mara mbili.

Katika dakika hizo saba usimwache mwanachuo afundishe somo zima lililofupishwa. Atakimbia, na hakuna kitakachoonekana. Mpe ujuzi mmoja tu: kutoa maelekezo ya kazi ya wawiliwawili, au kuingiza maneno matano mapya, au kuuliza maswali juu ya aya moja, au kusahihisha kosa la mdomo.

Jambo linaloharibu zoezi hili mara nyingi ni kwamba wenzake wanajua Kiingereza. Wanajibu upesi na sawasawa, mwanachuo anatoka akidhani amefundisha. Dawa ni kadi. Kabla ya kuanza, mkufunzi anagawa kadi tatu bila anayefundisha kuziona. Ya kwanza: "Ukiulizwa jambo la jana, tumia kitenzi cha wakati uliopo." Ya pili: "Usijibu mpaka utajwe jina, na hata ukitajwa, kaa kimya kwanza." Ya tatu: "Maliza kazi kabla ya wote, kisha anza kuongea na jirani." Sasa mwanachuo ana darasa mbele yake, na mjadala una kitu cha kushika.

Kwenye mjadala, anayefundisha aanze yeye kusema aliyoyaona. Wenzake wasiulizwe "Mlionaje?", maana watasema "alifundisha vizuri, ila aongeze sauti." Wape swali la kuhesabika: wanafunzi wangapi walifungua mdomo kuongea Kiingereza? Maelekezo yalichukua sekunde ngapi? Baada ya swali, alisubiri kiasi gani? Majibu yake yako kwenye simu iliyorekodi.

Maelekezo

Nikiambiwa nichague ujuzi wa kuanza nao, nachagua kutoa maelekezo kwa Kiingereza, kwa sababu kila shughuli ya darasani hupita hapo. Mwanachuo mwenye Kiingereza kizuri cha insha ndiye hasa hukwama, kwa kuwa huongea kama anavyoandika. Tazama sentensi hii, ya aina inayojaa kwenye maandalio:

"So now what I would like you to do is to get into groups and discuss the questions on the handout, and after that one person from each group is going to present."

Maneno 33. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari atadaka "groups" na kuanza kuburuta dawati, na yote yaliyofuata yamepotea kwenye kelele. Iandikwe upya hivi:

"Work with your partner. Read question one. Talk. Don't write. You have two minutes."

Maneno 14. Sentensi isizidi maneno saba au manane, kila sentensi ibebe tendo moja, na matendo yafuatane kama yatakavyofanywa. Kwa wiki chache za mwanzo mwanachuo ayaandike maelekezo yake neno kwa neno kwenye andalio. Akiandika tu "mwalimu atawaelekeza wanafunzi", bado hajaandaa chochote.

Mfuatano nao una uzito wake. Pata ukimya. Sema. Mwite mwanafunzi mmoja mbele mwonyeshe pamoja duru moja ya kazi. Kagua kwa maswali yasiyojibika kwa "yes" ya mazoea: "Who is your partner?", "Write or talk?", "How many minutes?" Hapo ndipo karatasi zigawiwe, na neno la mwisho liwe "Start." Karatasi zikitangulia, macho yote yatakuwa kwenye karatasi na mwalimu atakuwa anaongea peke yake. Baada ya "Start", mwanachuo asimame kando sekunde ishirini hivi bila kusema lolote, aangalie nani hajaanza. Wengi hukimbilia dawati la karibu na kuanza kueleza upya, huku nyuma ya darasa nusu ya wanafunzi hawajafungua daftari.

Kuhusu lugha ya kwanza ya wanafunzi: sentensi moja iliyopangwa, kwa kazi ngumu, huokoa dakika tano. Kinachodhuru ni mazoea ya kusema kila sentensi ya Kiingereza kisha kuitafsiri papo hapo. Darasa hujifunza upesi kwamba ile ya kwanza haina haja ya kusikilizwa.

Maswali yana ugonjwa wa jirani. Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani wa ufundishaji wa sayansi, alionyesha kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Kwa anayejibu kwa lugha ya kigeni sekunde hizo tatu ni za lazima: anatakiwa aelewe swali, apate wazo, atafute maneno, ayapange. Mwanachuo afundishwe mpango huu: uliza, nyamaza, ndipo utaje jina. Jina likitangulia swali, wengine wote wanapumzika.

Sarufi: kabla ya kanuni, maana

Mwanachuo wa mwaka wa pili anaweza kukuchambulia "present perfect" kwa ufasaha, lakini akisimama mbele ya darasa ataandika "has/have + past participle" na kuanza kutoa mifano kumi isiyohusiana. Afundishwe kuanza na hali moja inayoonekana. Chora ubaoni msichana mbele ya mlango uliofungwa, anapekua mkoba. "She has lost her key." Kisha maswali ya kupima maana:

"Did she have the key before?" Yes. "Does she have it now?" No. "Do we know what time she lost it?" No.

Majibu matatu hayo yakipatikana, maana imefika, na kanuni inaweza kuandikwa. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuuliza kwa muundo ule ule unaopimwa, "Has she lost her key?", ambao mwanafunzi hujibu "yes" bila kuelewa chochote. La pili ni kuuliza kwa istilahi: "Is the past action connected to the present?" Swali la kupima lazima liwe jepesi kuliko kinachopimwa. Kuandika maswali matatu ya namna hii kwa kila muundo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na inastahili kupewa vipindi kadhaa chuoni.

Kisha andalio liwe na safu moja ya ziada: watakosea wapi, na kwa nini. Mwanachuo atakayefundisha wasemaji wa Kiswahili ana bahati ya kuweza kutabiri. Kiambishi -me- kinafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. "Amepotea" hukaribia "has got lost" vizuri tu, lakini "amelala" ni hali ya sasa, na "amesimama" vilevile, kwa hiyo mwanafunzi anasema "He has slept" akimaanisha "He is asleep", na "She has stood near the door" akimaanisha yupo pale amesimama. Isitoshe, wasemaji wengi huona sawa kabisa kusema "amefika jana", na hapo ndipo linapotoka "He has arrived yesterday". Mwanafunzi huyo hajazembea. Amefuata mfumo anaoujua. Mwalimu akilijua hilo, atapanga mazoezi ya kutenganisha vitenzi vya hali na vitenzi vya tendo, badala ya kurudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi.

Matamshi nayo yanahitaji utabiri wa aina hii. Kiswahili kina irabu tano, na karibu maneno yake yote yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, na mkazo wake unahama: "photograph" una mkazo kwenye silabi ya kwanza, "photography" ya pili, "photographic" ya tatu. "Cat", "cut" na "cart" huweza kutoka yote yakiwa "kat". Mwanachuo aanze na masikio. Anatamka maneno kumi ya jozi kama "ship" na "sheep", bila mpangilio, wanafunzi wanainua kidole kimoja au viwili. Kama nusu ya darasa imekosea, hakuna sababu ya kuwatamkisha bado, maana hawasikii tofauti. Kwa mkazo: tamka neno mara mbili kwa kasi ya kawaida, uliza silabi gani ina nguvu, weka duara kubwa juu yake na madogo juu ya nyingine, kisha darasa zima, nusu darasa, mmoja mmoja. Dakika mbili zinatosha. Kosa la kawaida ni kulipunguza neno kasi "ili wasikie", silabi zote zikawa sawa, na mkazo uliokusudiwa ukafa. Lengo ni mwanafunzi aeleweke na mtu wa nchi yoyote. Hahitaji lafudhi ya London.

Kosa limetokea, ufanye nini

Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, wakaainisha namna sita walimu wanavyoitikia makosa. Zaidi ya nusu ya mara zote mwalimu aliirudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imesahihishwa, na njia hiyo iliyotumika kuliko zote ndiyo iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi kujirekebisha. Ukiangalia kwa karibu, sababu inaonekana:

"Yesterday I go to the market." "Oh, you went to the market." "Yes."

Mwanafunzi amesikia kwamba mwalimu amekubaliana naye. Mwanachuo ajifunze kumrudishia mwanafunzi kazi: "Yesterday I…?", akiachia hapo na kusubiri. Ikishindikana, amwonyeshe kwa mkono ishara ya nyuma, ishara ambayo darasa limeizoea. Ikishindikana tena, aseme jibu na kumtaka alitumie kwenye sentensi nzima. Hata hivyo mazungumzo ya wawiliwawili yasikatizwe kwa kila kosa. Mwalimu azunguke na karatasi, aandike sentensi tano au sita alizosikia, mbili kati yake ziwe sahihi, mwishoni aziweke ubaoni bila majina, wanafunzi waamue ipi ni ipi.

Kwenye madaftari hesabu yenyewe inatisha. Wanafunzi 60, dakika 4 kwa insha, ni dakika 240, saa nne nzima kwa mkondo mmoja. Mwanachuo asiyefundishwa kuchagua atafanya hivyo mara mbili, atachoka, kisha ataacha kuwaandikisha. Achague makosa ya aina mbili tu kwa kila kazi na awaambie wanafunzi mapema ni yapi. Apige mstari chini ya kosa na kuweka herufi ya aina yake pembeni, mwanafunzi arekebishe mwenyewe. Akusanye madaftari ya safu mbili kwa zamu, na zile nyingine zisahihishane kwa orodha fupi iliyo ubaoni.

Kusoma kwa ufahamu

Hapa hitilafu huanzia kwenye uchaguzi wa matini. Utafiti wa Paul Nation na wenzake unaonyesha kwamba ili mtu asome bila msaada na aelewe vizuri, anahitaji kuyajua takriban maneno 98 kati ya kila 100. Kwenye matini ya maneno 250 hayo ni maneno matano mageni. Mwanachuo awape wanafunzi wachache wa darasa lake matini kabla ya kipindi, wapigie mstari wasiyoyajua. Yakifika ishirini, arahisishe au abadilishe. Asijaribu kufundisha maneno ishirini kwanza, kwa sababu kipindi kitakwisha matini haijaguswa.

Kusomesha kwa sauti mmoja baada ya mwingine ni mazoea mengine ya kuvunjwa. Anayesoma anashughulika na matamshi, hajui anachosoma. Wanaosubiri wanahesabu sentensi ili waijue ya kwao. Badala yake: swali moja la jumla kabla ya kusoma, dakika tatu za kusoma kimya, jibu, kisha maswali manne au matano ya undani, wasome tena, walinganishe na jirani, na kila jibu litajiwe mstari lilipotoka. Swali la "Umejuaje?" ndilo linaloonyesha nani amesoma na nani amebahatisha.

Huko shuleni

Andalio la kipindi cha dakika 40 la mwanachuo karibu kila mara lina kazi ya dakika 60. Mzizi ni lengo lililoandikwa vibaya. "Wanafunzi waelewe wakati uliopita" halina mwisho. "Kila mwanafunzi amuulize mwenzake maswali matano juu ya alichofanya jana na kuandika majibu matatu" lina mwisho unaoonekana, na mwanachuo anaweza kurudi nyuma kutoka hapo: dakika 12 za kuulizana, 6 za kuandika, 5 za kusahihisha ubaoni, zimebaki 17 za kuingia, kuonyesha maana, kuandika muundo na kuutamka. Akishaziona 17 hizo, mwenyewe ataacha mifano kumi.

Mkufunzi anapokwenda kukagua, fomu ya vipengele ishirini na tano yenye alama za moja hadi tano haimwambii mwanachuo kesho afanye nini. Inafaa zaidi karatasi ya safu tatu: saa, alichofanya mwalimu, walichofanya wanafunzi. "8:10. Anaeleza kanuni. Safu ya nyuma wananakili, wawili wamelala." "8:19. Bado anaeleza." Mwanachuo akisoma kwamba kwa dakika tisa hakuna mwanafunzi aliyesema neno la Kiingereza, hahitaji kuambiwa mengi. Mazungumzo yaishie kwenye mambo mawili, si tisa. Kisha mkondo wa pili wa kidato hicho hicho hupata somo hilo hilo siku hiyo au kesho yake, na mambo mawili hayo ndiyo yatazamwe. Ratiba ya ukaguzi ipangwe kwa kuangalia mikondo. Mkufunzi akiona kipindi cha pili peke yake, huku mwanachuo mwenzake ameandika safu tatu za kile cha kwanza, bado amejifunza zaidi juu ya mwanachuo huyo kuliko angeona vipindi viwili vya mada tofauti.

Alama, kama lazima zitolewe, zitokane na kipindi cha marudio. Alama ikiwekwa kwenye kipindi cha kwanza, mwanachuo atafundisha lile analoliweza tayari ili asianguke, na hutaona jaribio lolote jipya.

Amebaki mwalimu mwenyeji wa darasa. Wapo wanaomkabidhi mwanachuo madarasa yote siku ya kwanza na kuondoka, na wapo wanaokaa nyuma na kumkatiza mbele ya wanafunzi. Chuo kikubaliane nao mapema, kwa maandishi ya ukurasa mmoja. Wiki ya kwanza mwenyeji anafundisha mkondo wa kwanza, mwanachuo anatazama akiwa na karatasi ya safu tatu, kisha anafundisha somo hilo hilo mkondo wa pili, mwenyeji akiwa nyuma. Wiki ya pili wanabadilishana: mwanachuo anaanza, mwenyeji anafuata na andalio la mwanachuo mkononi. Kuanzia wiki ya tatu mwenyeji anaingia kipindi kimoja au viwili kwa wiki, akijulisha siku moja kabla, na haongei darasani isipokuwa usalama wa wanafunzi umeguswa. Akiwa na neno, wakutane dakika kumi baada ya kipindi, mlango umefungwa.